Heptonstall, kijiji kilichojengwa na kitanda cha mfumi

Wengi wanaopanda kwenda Heptonstall huenda kwa ajili ya kaburi moja. Wanashuka treni Hebden Bridge, kule bondeni, wanauliza njia, wanaukwea mlima wakihema, wanaingia makaburini na kusimama mbele ya jiwe lenye jina la mshairi Sylvia Plath. Wanaacha kalamu au ua, kisha wanashuka kutafuta chai. Siwalaumu, nami nimesimama pale. Lakini naishi kaskazini mwa Uingereza, na kijiji hicho nakirudia kila nipatapo nafasi. Kila nikienda huniuma kuona watu wakizipita zile nyumba za mawe bila kuinua macho kuangalia madirisha ya ghorofani. Habari ya Heptonstall imo kwenye madirisha hayo. Kaburi la mshairi lilikuja baadaye sana, kijiji kikiwa kimeshaishi maisha yake makubwa na kuyamaliza.

Nianze na mahali penyewe. Heptonstall iko West Yorkshire, katika milima ya Pennine inayogawa kaskazini ya Uingereza pande mbili, Yorkshire mashariki na Lancashire magharibi. Si milima mirefu. Kijiji chenyewe kiko zaidi ya mita 250 juu ya usawa wa bahari, na anayetoka kwenye mlima wa kweli anaweza kuitazama namba hiyo na kuipuuza. Akifika ataacha kuipuuza. Mabonde ya huku ni membamba na kuta zake zimesimama wima, kiasi kwamba kutoka mtoni Hebden Bridge hadi kijijini unapanda kama mita 150 ndani ya mwendo mfupi mno. Kijiji kimekaa kwenye ulimi wa ardhi kati ya mabonde mawili, moja la mto Hebden na jingine la kijito cha Colden. Ukisimama ukingoni unaona upande wa pili wa bonde kuu mnara mweusi wa Stoodley Pike, wenye urefu wa mita 37. Ulijengwa upya mwaka 1856 baada ya ule wa kwanza, wa kukumbuka amani iliyofuata vita vya Napoleon, kuanguka. Nyuma ya kijiji ardhi inaendelea kupanda taratibu hadi kwenye nyanda za juu zilizo wazi: majani ya kahawia, udongo mweusi unaoshika maji mwaka mzima, kondoo, na upepo usiokutana na mti wowote wa kuuzuia.

Swali la kwanza la mtu yeyote mwenye akili ni hili: kwa nini watu wakajenge huko juu, penye upepo na mvua ya ubavu, badala ya kukaa chini mtoni?

Jibu ni kwamba zamani chini hapakukalika. Bonde lilikuwa kinamasi na msitu, lenye mto unaofurika na kuta zisizopitika kwa mnyama aliyebeba mzigo. Juu ya kuta hizo ardhi hulala kidogo, kama rafu, kabla ya kuanza tena kupanda kwenda nyikani. Kwenye rafu hiyo ndiko watu walikokata mashamba, wakajenga, na wakapitisha njia zao. Njia kuu kutoka Halifax kwenda Burnley, upande wa Lancashire, ilipita hapo. Bondeni ulihitaji tu mahali pa kuvukia mto, na hapo ndipo lilipojengwa daraja la mawe mnamo 1510, likichukua nafasi ya lile la mbao. Daraja hilo bado lipo. Mji wa Hebden Bridge, ambao leo una maduka, mikahawa na stesheni, kwa karne nyingi haukuwa zaidi ya daraja hilo na nyumba chache kando yake. Mji wa eneo lile ulikuwa Heptonstall, na aliyeshuka bondeni alishuka ili avuke tu, kisha apande tena upande wa pili.

Njia ya kupanda kutoka darajani inaitwa the Buttress. Ni barabara nyembamba iliyotandazwa mawe, na inaukabili mlima moja kwa moja bila kujipinda. Farasi wadogo wenye miguu imara waliipanda kwa mistari mirefu, kila mmoja na mzigo pande zote mbili za mgongo. Kwenye njia za nyikani utaona hadi leo mawe ya bapa yaliyopangwa mstari mmoja, katikati yamelika na kuwa kama bakuli refu kwa sababu ya kwato na viatu. Ukiweka mguu wako ndani ya ulaji huo unakaa vizuri. Hakuna maonyesho ya makumbusho yaliyonishika kama mawe hayo, maana hakuna aliyekusudia kuyachonga.

Sasa sufu, ambayo bila hiyo pasingekuwa na kijiji cha kuandika habari zake.

Ardhi ya huku haijawahi kuwa ya kilimo. Ni chachu, baridi, imelowa. Nafaka ya oti huota kwa shida, ngano haiwezi. Mwenye kishamba chake kidogo na ng'ombe wawili watatu hakuweza kulisha familia kwa kishamba hicho, kwa hiyo nyumba karibu zote zilifanya kazi mbili, shamba na kitambaa. Jambo hili liliingia hadi kwenye sheria. Mwaka 1552 Bunge la Uingereza lilikuwa limewabana walanguzi wa sufu, likitaka sufu inunuliwe moja kwa moja kutoka kwa wafugaji. Kwa tajiri wa kitambaa hilo halikuwa tatizo. Kwa mfumaji maskini wa Pennine, asiye na farasi wala fedha ya kununua shehena, lilikuwa kifo. Mwaka 1555 ikapitishwa sheria maalumu ya parokia ya Halifax, ambayo Heptonstall ilikuwa sehemu yake. Sheria hiyo ilieleza wazi kwamba eneo hilo ni nyika tupu isiyozaa nafaka wala majani mazuri, kwamba wakazi wake wanaishi kwa kazi ya kitambaa, na kwamba walio wengi huenda Halifax kununua sufu kidogo kidogo, vipimo vyao viwili vitatu, kila kimoja kilo sita na ushei, kisha huibeba kichwani na mgongoni maili tatu, nne, tano hata sita hadi nyumbani. Ilisema pia kwamba katika miaka 40 iliyotangulia kaya zaidi ya 500 mpya zilikuwa zimeongezeka.

Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilisimama kwenye neno kichwani. Tumezoea kuiwazia Uingereza kama nchi iliyozaliwa na viwanda na reli. Hapa pana sheria ya Bunge lake inayomwelezea mwananchi wake akitembea mlimani na furushi kichwani, mithili ya mama anayepeleka mkaa sokoni alfajiri, na inatamka kwamba mtu huyu asiguswe, anunue sufu yake kidogo kidogo kama alivyozoea. Sijui sheria nyingi za enzi ile zilizomtazama maskini kwa karibu namna hiyo.

Sufu ikishafika nyumbani ilikuwa kazi ya kila mkono uliopo. Watoto waliichambua na kuichana. Wanawake waliisokota, na kwa kuwa kusokota kulikwenda polepole kuliko kufuma, kitanda kimoja cha mfumi, yaani mtambo wa mbao wa kufumia kitambaa, kilihitaji wasokotaji kadhaa ili kisikae bure. Mfumaji alikaa ghorofani, kwenye mwanga, akitupa mshindio, uzi wa kukatiza, kati ya nyuzi za mtande zilizonyoshwa kutwa nzima. Kitambaa kikitoka kwenye kitanda kilikuwa na mafuta na uchafu, kwa hiyo kilioshwa kwa mkojo uliochacha, uliokusanywa nyumba kwa nyumba, maana ndiyo sabuni iliyopatikana bure. Halafu kilishushwa bondeni kwenye vinu vya maji, ambako nyundo kubwa za mbao zilikitwanga ndani ya maji hadi nyuzi zikashikana na kitambaa kikawa kizito. Kisha kikapandishwa tena mlimani, kimelowa na uzito wake wote, kuwambwa kwenye viunzi vya mbao vilivyosimama mashambani kwa safu, kikauke bila kunywea. Hebu wazia mteremko mzima umejaa mistari ya vitambaa vilivyokazwa kwenye kulabu, vikipigwa na upepo.

Kitambaa kilichoachwa nje usiku kucha kinaibika, na huku adhabu ya kukiiba haikuwa faini. Halifax ilikuwa na mashine yake ya kukata vichwa, shoka zito lililoachiwa lianguke kati ya nguzo mbili, zaidi ya miaka 100 kabla ya Wafaransa kutengeneza ya kwao. Aliyekamatwa na mali ya wizi yenye thamani ya peni 13 na nusu au zaidi alikuwa hatarini. Watu wa mwisho kuuawa nayo, mwaka 1650, walikuwa Abraham Wilkinson na Anthony Mitchell, na miongoni mwa mali waliyotiwa hatiani kwayo ilikuwamo yadi 16 za kitambaa cha sufu kiitwacho kersey, pamoja na farasi. Kwetu yadi 16 za kitambaa ni rola moja dukani. Kwao ilikuwa kazi ya nyumba nzima kwa siku nyingi, na kodi ya pango, na unga.

Ndiyo maana nasema uangalie madirisha. Tembea mtaa wa Towngate, ambao ndio uti wa mgongo wa kijiji, ukipanda juu ya mawe yanayoteleza. Nyumba zimejengwa kwa jiwe la mchanga gumu, la chembe kubwa, lile lile lililochongwa mawe ya kusagia. Hata paa ni za mawe yaliyopasuliwa kuwa vigae. Kwenye ghorofa ya juu utaona madirisha yaliyopangwa mfululizo, manne, matano, sita, yakitenganishwa na vipande vyembamba tu vya mawe, mpaka ukuta unakuwa kama kioo kimoja kirefu. Sebule ya chini ina dirisha la kawaida, huku juu kunameremeta. Mtu aliyekuwa maskini aliligharimia zaidi dirisha la kitanda cha mfumi kuliko dirisha la meza yake ya chakula, kwa sababu saa moja ya mwanga zaidi jioni ya Novemba ilikuwa na thamani ya fedha taslimu. Mishumaa ilikula faida.

Kitambaa kilipokuwa tayari kiliuzwa hapo hapo. Heptonstall ilikuwa na jumba lake la soko la vitambaa katikati ya karne ya 16, miaka zaidi ya 200 kabla Halifax haijafungua lake kubwa la Piece Hall, lenye vyumba 315, mwaka 1779. Jumba la Heptonstall bado limesimama, sasa ni makazi ya watu. Lile la Halifax ni la fahari na linastahili sifa zake. Hata hivyo mimi hulitazama jumba hili dogo kwa heshima ya pekee, maana lilijengwa wakati kijiji hiki cha mlimani kilipojiona kuwa soko, na kilikuwa na haki ya kujiona hivyo.

Kijiji kinachopata fedha hujenga nyumba ya ibada, na Heptonstall ina tatu za kuangaliwa. Mbili ziko ndani ya ua mmoja wa makaburi, jambo ambalo ni nadra Uingereza. Ya kwanza ni kanisa la Mtakatifu Thomas Becket, askofu mkuu aliyeuawa ndani ya kanisa kuu la Canterbury mwaka 1170. Lilianzishwa karibu mwaka 1260 ili watu wa huku wasilazimike kutembea hadi Halifax kwa kila ibada, ubatizo na maziko. Mwaka 1847 dhoruba ililipiga vibaya. Badala ya kulibomoa walijenga jingine pembeni, likakamilika 1854, na la zamani wakaliacha lisimame bila paa. Leo unaingia kati ya nguzo na matao yake, juu ni mawingu, chini sakafu ni mawe ya makaburi. Nje pia ni hivyo hivyo. Mawe ya makaburi yamelazwa yakagusana hadi uwanja mzima umekuwa kama baraza lililosakafiwa, na huwezi kupiga hatua bila kukanyaga jina la mtu. Mara ya kwanza niliona haya, nikawa natafuta pa kuweka mguu. Hapakuwa na pa kuweka. Wenyeji wanapita juu yake na vikapu vyao vya ununuzi, kwa adabu lakini bila kusita, na baadhi ya mawe yalitumika zaidi ya mara moja, familia moja juu ya nyingine.

Nyumba ya tatu iko mtaa wa Northgate, nayo ni ya Wamethodisti. John Wesley, mhubiri aliyezunguka Uingereza akiwa juu ya farasi, alifika Heptonstall mara kadhaa, na watu wa vitanda vya mfumi walimpokea. Mwaka 1764 walijenga nyumba yao ya ibada kwa umbo la pembe nane, umbo alilolipenda Wesley. Yeye mwenyewe alihubiri humo mwaka huo huo, kuta zikiwa zimesimama na kazi haijamalizika. Paa lilitengenezwa Rotherham, mbali kabisa upande wa kusini, likaletwa vipande vipande juu ya migongo ya farasi. Mwaka 1802 jengo lilirefushwa kwa kuwa watu hawakuenea humo, kwa hiyo pembe nane zile hazilingani tena. Watu wamesali humo kwa vizazi vingi. Namkumbuka mfumaji hapa, mtu aliyekaa peke yake na kitanda chake, mikono ina kazi lakini kichwa kiko huru. Watu wa kazi ya namna hiyo husoma, hubishana, huimba. Haishangazi kwamba mahubiri ya mtu aliyewaambia kuwa wokovu hauhitaji ukoo wala cheo yalishika moto haraka kwenye mteremko huu.

Vita navyo vilifika. Katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya karne ya 17, Halifax ilikuwa mikononi mwa watu wa Mfalme, Heptonstall ikishikwa na watu wa Bunge. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba 1643 jeshi la Mfalme, chini ya Sir Francis Mackworth, lilivuka daraja na kuanza kupanda the Buttress katika mvua kubwa. Waliokuwa juu wakawaporomoshea mawe. Ukishaipanda njia hiyo mchana mkavu, ukiwa na viatu vizuri, huhitaji mwanahistoria akueleze kilichotokea. Jeshi lilivunjika, likakimbia kushuka, na mto ulikuwa umefurika. Baadhi yao walizama. Lakini ushindi haukudumu. Januari 1644 watu wa Mfalme walirudi na nguvu zaidi, walinzi wakarudi nyuma kuelekea Burnley, na kijiji kikaporwa, nyumba kadhaa zikachomwa.

Ila kisa ambacho wenyeji watakusimulia kwanza ni cha sarafu.

Katika miaka ya 1760 Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa sarafu nzuri. Za dhahabu zilizokuwapo zilikuwa zimechakaa, na hata za Ureno zilipokelewa sokoni kama fedha halali. Biashara ya kitambaa nayo ilikuwa inayumba. Ng'ambo ya bonde, juu ya Cragg Vale, katika nyumba iitwayo Bell House, alikaa mtu anayeitwa David Hartley. Watu wake walichukua sarafu za dhahabu, wakakata kidogo kingoni, wakachonga upya mistari ya pembeni ili isijulikane, wakazirudisha kwenye mzunguko. Vile vipande walivyokata waliviyeyusha na kupiga sarafu bandia za Ureno, ambazo moja ilikwenda kwa shilingi 27. Hawakuwa majambazi wa kutoka mbali. Walikuwa wafumaji na wakulima wadogo, na wafanyabiashara wenye heshima zao waliwaazima sarafu nzima nzima kwa kugawana faida. Hartley walimwita Mfalme, na nduguye Isaac wakampa cheo cha Mtawala wa York.

Serikali ilimtuma ofisa wa ushuru, William Deighton, kuwafuatilia. Oktoba 1769, baada ya mmoja wa wakata sarafu kutoa siri, Hartley alikamatwa Halifax. Mwezi uliofuata, usiku wa Novemba, Deighton alipigwa risasi karibu na nyumbani kwake mjini humo. Hapo mambo yakabadilika. Kuua ofisa wa serikali kulileta nguvu ambayo kukata sarafu hakukuwa kumeileta. Hartley alinyongwa York tarehe 28 Aprili 1770. Mwili wake uliletwa Heptonstall ukazikwa kwenye uwanja wa kanisa la zamani, na jiwe lake lipo, jiwe la chini kama mengine yote. Wageni huacha sarafu juu yake. Waliomuua Deighton, Robert Thomas na Matthew Normanton, walinyongwa baadaye, 1774 na 1775.

Huwa naona watu wakitabasamu mbele ya kaburi la Hartley, kana kwamba ni shujaa wa hadithi za watoto. Nami naielewa huruma hiyo, kwa sababu njaa ya miaka ile ilikuwa ya kweli na sarafu nzuri hazikuwapo. Ila Deighton naye alikuwa mtu aliyekuwa akirudi kwake usiku. Sijawahi kuacha sarafu pale.

Kilichokiondolea kijiji ukubwa wake ni maji, kisha mvuke. Mitambo ya kusokota ilipokuja mwishoni mwa karne ya 18, ilitaka nguvu ya mto, na mto uko chini. Gibson Mill, kiwanda cha pamba kilichojengwa karibu mwaka 1800 ndani ya msitu wa Hardcastle Crags, bado kinaonekana ukishuka kutoka kijijini kupitia miti. Mwaka 1804 mfereji wa mashua wa Rochdale ulikamilika ukipita bondeni. Mwaka 1840 reli ikafika Hebden Bridge. Makaa ya mawe yaliletwa kwa mfereji na reli, mvuke ukachukua nafasi ya maji, na hapakuwa na sababu tena ya kupandisha sufu mlimani kwa farasi. Bonde lililokuwa kinamasi sasa likawa na moshi, mabomba marefu na safu za nyumba zilizopandana kwenye mteremko, moja juu ya paa la nyingine kwa kukosa nafasi. Hebden Bridge ikawa maarufu kwa nguo nzito za kazi, hasa kodrai, suruali za vibarua wa nusu ya nchi. Watoto wa wafumaji wa Heptonstall walishuka alfajiri kwenda kiwandani na kupanda usiku kurudi kulala.

Vitanda vya mfumi vya ghorofani vilinyamaza kimoja kimoja. Familia zilihama. Shule iliyoanzishwa mwaka 1642 na mchungaji Charles Greenwood ilifungwa 1889; jengo lake likawa benki, baadaye makumbusho ya kijiji, na madawati ya zamani bado yamo. Hakuna aliyekuwa na fedha ya kubomoa nyumba za mawe na kujenga za kisasa, wala sababu ya kufanya hivyo. Kwa hiyo zilibaki. Weusi wa kuta zake, ambao wageni wengi huuona kama rangi ya asili ya jiwe, ni masizi ya viwanda vya bondeni. Chonga kidogo na jiwe la ndani ni la rangi ya asali. Moshi wa kazi iliyowanyang'anya riziki ulipanda ukapaka nyumba zao, na haujatoka hadi leo. Nikiwa na mgeni humpeleka hadi ukutani aweke kiganja.

Mshairi Ted Hughes alizaliwa Mytholmroyd, bonde hilo hilo, mwaka 1930, na wazazi wake baadaye waliishi Heptonstall. Ndiyo sababu mkewe, Sylvia Plath, Mmarekani kutoka Boston aliyefariki London Februari 1963 akiwa na miaka 30, alizikwa hapa. Jina la Hughes kwenye jiwe lake limechokolewa na wageni wenye hasira zaidi ya mara moja, na limerudishwa kila mara. Lumb Bank, nyumba iliyokuwa ya Hughes kwenye bonde la Colden, imekuwa kituo cha mafunzo ya waandishi tangu miaka ya 1970. Mengi yameandikwa juu ya ndoa yao na sitaongeza langu. Nasema tu kwamba kaburi hilo limezungukwa na majina ya watu waliofuma, na hao nao wanastahili dakika.

Kwa hesabu ya sensa ya 2011 parokia nzima, pamoja na vitongoji vyake, ilikuwa na watu kama 1,470. Kuna baa mbili za zamani, kanisa, na shule ya watoto. Nyumba za wafumaji zinauzwa ghali kwa watu wanaofanya kazi Leeds na Manchester. Mafuriko makubwa ya tarehe 26 Desemba 2015 yalipoizamisha Hebden Bridge hadi ndani ya maduka, kijiji cha juu kilikaa pakavu, na wazee waliochagua rafu ile ya mlima walionekana tena kuwa na hoja.

Kama una nafasi ya kwenda, nenda Ijumaa Kuu. Uwanja wa Weavers' Square hujaa watu wa kuangalia mchezo wa kale uitwao Pace Egg, ambamo Mtakatifu George anapigana kwa upanga, watu wanaanguka wakifa, na daktari wa vichekesho anawafufua. Mistari ni ya kutamkwa kwa sauti kubwa, mavazi ni ya rangi kali na kofia zenye maua, na watoto wanajua kila neno. Lakini fika mapema. Panda kwa the Buttress kama magoti yako yanaruhusu, au chukua basi dogo kutoka stesheni kama hayaruhusu. Kabla hujaingia makaburini, zunguka Towngate na Northgate na uhesabu madirisha ya ghorofani kwenye nyumba moja unayoipenda. Kisha uliza lilipo jumba la zamani la vitambaa, maana ni rahisi kulipita. Mimi mgeni wangu yeyote humwanzishia hapo.